Sahani za Matopeni, Milango ya Jiweni

Jamani, nikibisha mtafungua?

— Tutafungua!

Nikiingia mtanikalisha?

— Tutakukalisha!

Na nikisema uongo?

— Tutaula na chumvi!

Haya. Wewe wa huko nyuma hukuitikia, nimekuona. Utaitikia mwishoni, sina haraka.

Zamani hizo wanyama walikuwa na miji miwili. Mmoja ulikuwa bondeni, unaitwa Matopeni. Wa pili ulikuwa juu ya kilima, unaitwa Jiweni. Katikati ulipita mto mdogo wa kuvuka kwa mawe saba. Na wanyama hawakuisha kubishana: mji gani ni mzuri wa kuishi?

Wa Jiweni walisema, kwetu nyumba ni za mawe, hazivuji. Maji yanapita mlangoni kwenye mfereji, shwaa, shwaa, huchoti wala hubebi. Wa Matopeni walisema, ni kweli, kwetu paa linavuja, na kisima ni kimoja, foleni yake ni ya kutukanana. Lakini kwetu sahani zinatembea.

Zinatembeaje? Tulieni niwaambie. Jioni ukipika Matopeni huli kwanza. Unapakua sahani moja, unaifunika kawa lake la ukindu, unampelekea jirani. Jirani naye kesho anakurudishia sahani yako, na hairudi tupu. Kama hana kitu, anatia limau. Kama hana limau, anatia chumvi kidogo. Na jambo moja zaidi, lishikeni vizuri: mwenye sahani haendi kuidai. Akiidai ni aibu ya mtaa mzima. Anangoja tu.

Katikati ya mtaa huo alikaa Bi Sange. Sange mnamjua? Ni mnyama mdogo, kampita panya kidogo tu, miguu myembamba, pua ndefu isiyotulia. Nyumba yake ilipakana na ya Bi Kobe huku, ya Pimbi kule, ya Bata mbele. Kwa hiyo jioni pua ya Sange haikuwa na mapumziko. Hodi! Karibu! Hodi! Karibu! Basi ndiyo maisha yake, na aliyapenda.

Siku moja Fisi wa Jiweni akashuka bondeni kutafuta mifupa. Akasimama mwanzo wa mtaa, akanusa. Akaona sahani inaingia kwa Sange. Akaona nyingine inaingia. Akaona ya tatu, ya nne, ya tano. Zilizotoka hakuziona, maana hazikumhusu.

Akaenda mpaka mlangoni.

"Nyumba hii ni yako?"

"Ni yangu, Bwana Fisi."

"Si yako tena. Nenda ukakae kwangu Jiweni, kuna vyumba saba. Mimi nakaa hapa."

"Lakini Bwana Fisi..."

"Lakini nini?" Meno yakagongana: kwacha!

Sange akamtazama Bi Kobe. Bi Kobe akatazama chini. Akamtazama Pimbi. Pimbi akatazama chini. Bata naye akajifanya anajichokoa unyoya. Siwalaumu, meno yale hata mimi ningetazama chini. Sange akabeba kigoda chake, sahani zake mbili na chungu, akavuka mawe saba peke yake.

Nyumba ya Jiweni ilikuwa nyumba kweli. Paa halivuji. Maji shwaa, shwaa. Sange akatembea vyumbani, ti-ti-ti, akasikia nyuma yake ti-ti-ti. Akasimama, na huko nyuma kukanyamaza. Akageuka kwa furaha akidhani kapata mgeni. Ilikuwa miguu yake mwenyewe, inarudishwa na mawe.

Kesho yake akakaanga kumbikumbi, akapakua sahani, akafunika kawa, akaenda kwa jirani, Mzee Nyegere.

"Hodi!" Kimya.

"Hodi!" Kimya.

"Hodi!" Mlango ukafunguka upana wa kidole.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma, mzee. Mimi jirani yako mpya. Nimekuletea kumbikumbi."

"Kwani nimeomba?"

"Hujaomba."

"Basi." Gdum!

Msimwone Nyegere mbaya. Siku nzima hakupata raha, anazunguka chumbani, anajiuliza yule mgeni anataka nini kwake.

Sange akarudi na sahani yake imejaa vilevile. Jamani, Sange alikuwa mpweke. Sina neno jingine la kulipamba hilo. Akiamka hakuna wa kumuuliza umeamkaje, na akipiga chafya hakuna wa kumwambia afya. Siku ya kumi akafanya jambo ambalo hakumwambia mtu, mimi nimelijua kwa umbea tu. Alipakua chakula, akakifunika kawa, akatokea dirisha la jikoni, akazunguka, akaiweka sahani mlangoni kwake mwenyewe. Kisha akarudi ndani, akafungua mlango.

"Lo!" akasema. "Nani kaniletea?"

Na moyo ukaruka kweli, kwa muda mdogo sana. Halafu akakaa kizingitini akalia, sahani mapajani. Alilia mpaka pua ndefu ikaloa yote. Kisha ile pua ikaanza kucheza. Ilicheza kushoto, ikacheza kulia, na Sange akaacha kulia.

Tumwache hapo, twende bondeni.

Kule Matopeni majirani walimpelekea Fisi sahani, kwa desturi na kwa woga. Bi Kobe alipeleka. Fisi akala, akaramba, akaitupa sahani pembeni: kwang'! Pimbi akapeleka. Akala, akaramba, kwang'! Bata akapeleka. Akala, akaramba, kwang'! Yeye alidhani sahani ni sehemu ya zawadi. Kule alikotoka nani angemfundisha? Na wenye sahani hawakwenda kuzidai, walingoja tu. Wakangoja, wakangoja, mpaka mtaa mzima haukubaki na sahani hata moja. Wakaanza kula humo humo chunguni. Na anayekula chunguni hana cha kupakulia, na asiye na cha kupakulia anaona haya kuonekana anakula. Kila mtu akatia komeo mlangoni. Fisi akabaki na sahani kumi na tisa na njaa.

"Mji gani huu!" akafoka. "Wamenichoka mapema!"

Ndipo Sange alipotokea. Chini ya kitenge chake kajaza nyasi kavu, tumbo limetuna, anatembea kwa kujikongoja, tu, tu, tu.

"Hodi, Bwana Fisi."

"Unataka nini?"

"Nimekuja kukushukuru. Beuu!" Akacheua, akafunika mdomo. "Samahani. Ni shibe."

"Shibe ya wapi?"

"Ya nyumbani kwako. Beuu! Sijawahi kula vile tangu nizaliwe."

"Mwongo! Nimekaa Jiweni miaka kumi, hakuna aliyeniletea hata ganda la yai."

"Bwana Fisi, ulikuwa unatoka nje?"

"Natoka, natafuta mifupa."

"Sasa je! Watu wa Jiweni wana haya sana. Hawabishi hodi. Wanaweka sahani mlangoni, wanakimbia. Wakikuona nje hawaleti ng'o. Inatakiwa ukae ndani, mlango umeufunga, na kimya."

Fisi akameza mate. "Nionyeshe."

Wakapanda. Sange akamkalisha Fisi sebuleni, akitazama mlango. "Kaa hapa, nyamaza. Mimi niko jikoni." Akatokea dirishani, ti-ti-ti, akaweka sahani, akarudi, ti-ti-ti.

"Umesikia hodi?"

"Sijasikia."

"Fungua."

Fisi akafungua. Sahani! Juu yake mfupa! Kruch, kruch, kruch.

"Rudi ukae." Akatokea dirishani, ti-ti-ti, akaweka ya pili, akarudi.

"Umesikia hodi?"

"Sijasikia."

"Fungua."

Sahani! Mfupa! Kruch, kruch, kruch. Na mara ya tatu hivyo hivyo. Mifupa yenyewe ilikuwa ya Fisi, aliificha zamani nyuma ya jiko akaisahau. Nani kasema Sange alitoa kitu chake?

Fisi akasimama, mate yanachuruzika. "Toka nyumbani kwangu!"

"Jamani, Bwana Fisi, si ulinipa?"

"Nimekunyang'anya! Rudi kwenye matope yako!"

"Nihurumie, nimeshazoea raha..." Sange akalia, na machozi hayakumpa taabu, alikuwa nayo ya siku nyingi. "Basi kama ni lazima, niache nizichukue zile sahani chafu ulizoziacha kule."

"Chukua! Sahani hailiwi!"

"Na kumbuka, ukitoka nje hata mara moja..."

"Sitoki!" akanguruma Fisi. "Hanitoi mtu hapa!" Gdum!

Sange akabeba kigoda, sahani zake mbili na chungu, akavuka mto. Jiwe la kwanza akacheka. Jiwe la pili akacheka. La saba akacheka mpaka zile nyasi zikamdondoka zote majini. Kaishinda nguvu, kaushinda ulafi, na nyumba yake kairudisha bila kurusha hata konzi. Akazibeba sahani kumi na tisa mpaka mtoni, akazisugua kwa mchanga zikang'aa. Akapika kunde, akapakua katika zote, akafunika, akaanza kwa Bi Kobe.

"Hodi!" Kimya.

"Hodi!" Kimya.

"Hodi!" Mlango ukafunguka upana wa kidole.

"Nani?"

"Mimi Sange. Nimerudi, Bi Kobe! Nimekuletea sahani zako."

Jicho moja la Bi Kobe likamtazama, kisha likatazama chini, palepale lilipotazama siku ile.

"Weka hapo chini."

"Bi Kobe, ni mimi."

"Nakujua, mwanangu. Weka tu hapo chini."

Na mlango ukafungwa, taratibu, bila gdum. Heri ungegonga gdum. Kwa Pimbi ilikuwa hivyo. Kwa Bata ilikuwa hivyo. Mtaa mzima ilikuwa hivyo. Sange akaweka sahani chini, mlango kwa mlango, akarudi akakaa kwenye kigoda chake, nyumbani kwake, akangoja jua lizame. Likazama. Hakuna aliyebisha.

Asubuhi akafungua mlango akakuta sahani zake mbili kizingitini, maana kunde zilizobaki alikuwa amezipakua katika zake mwenyewe, akamwongezea Bata. Zimeoshwa, zimefunikwa. Moja ina limau. Nyingine ina chumvi kidogo. Aliyeleta hayupo, wala hodi hakupiga. Sange akatazama mtaa huku na huku, milango yote imefungwa.

Mnakumbuka alimwambia nini Fisi? Kwamba wako watu wenye haya, wanaweka sahani mlangoni wanakimbia. Uongo aliutunga mwenyewe, akaucheka jiwe kwa jiwe. Sasa uongo ule ulikuwa hapo kizingitini kwake, umefunikwa kawa. Sange akachovya kidole kwenye chumvi, akailamba, na hakuona cha kucheka.

Na Fisi je? Fisi yuko nyuma ya mlango wake, hajatoka. Siku ya kwanza alingoja. Siku ya pili alingoja. Siku ya tatu njaa ikamchanganya, akaanza kubisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe, kutokea ndani. Uuuuu-wi? Jua likizama utamsikia. Uuuuu-wi? Watu husema fisi analia njaa. Njaa ipo, sikatai.

Sauti ile inashuka kilimani, inavuka mawe saba, inaingia Matopeni. Sange akiwa kwenye kigoda anainua pua.

"Karibu," anasema.

Anasema polepole, kule Jiweni hasikiki. Lakini kuta za Matopeni ni za udongo, hazizuii kitu, na Bi Kobe anasikia. Kila jioni anasikia. Anaacha kukoroga uji, anafuta mikono, anakwenda mlangoni mwake, analishika komeo. Mpaka leo amelishika.

Sasa mafunzo, maana mtaniuliza. Ukitafuta mji wa kuishi, tazama paa, tazama maji, gonga mlango uone unene wake. Majirani ni kelele tu. Sahani zako zifungie kabatini, zisije zikapotea. Mimi mwenyewe nimeyafuata hayo, na nyumba yangu haivuji hata tone. Ndiyo sababu nimetembea mpaka hapa kuwasimulia ninyi nisiowajua hata majina.

Haya, nimekaa vya kutosha. Mmenishibisha?

— Tumekushibisha!

Uongo wangu mmeula?

— Tumeula na chumvi!

Nikishatoka, mtafunga?

— Hatufungi!

Eeh. Wewe wa nyuma, sasa nimekusikia.