Kwa Nini Skrini Nyeusi Hukumbuka Kidogo

Mnaponiuliza, wanangu, kwa nini skrini nyeusi ya maandishi hurudisha kurasa chache tu za nyuma, wala si zote, nawajibu kwamba haikuwa hivyo zamani.

Zamani za mafundi wa mwanzo, kiini cha Kitovu, yaani ile programu ya ndani kabisa inayoamrisha kompyuta, kilikumbuka kila mstari. Ulibonyeza kitufe, maandishi yaliyokwisha kupita yakashuka tena, ukayasoma kwa raha zako. Lakini kumbukumbu ile ilikuwa kubwa na kuukuu, haina mlezi. Ikaonekana ina ufa ambao mwizi angeweza kupenyea. Ngwali Haji, fundi wa skrini, mtu mpole asiyependa ugomvi, akaifuta yote. Alisema watu sasa wana skrini zenye madirisha ya rangi ya kubofya, nani ataililia?

Aliyeililia ni Somoe Likwati. Yeye alisimamia pampu za maji katika mji mmoja wa uwanda wa juu wa Makonde, mahali ambapo maji huvutwa kutoka bondeni. Kompyuta yake haikuwa na madirisha, ilikuwa na skrini nyeusi tu. Asubuhi moja ikakwama katikati ya kuwaka. Maandishi yakapita mbio, na mstari uliotaja kosa ukapotelea juu. Akabonyeza kitufe. Hakuna kilichoshuka. Nje, kina mama walikuwa wamekwisha kupanga ndoo.

Akampigia simu Ngwali, ambaye namba yake ilikuwa kwenye tangazo la kufutwa kwa kumbukumbu ile.

“Kaka, mmeninyang'anya macho,” alisema. “Kosa limeandikwa, ila silioni.”

Ngwali akamwomba aiwashe upya kompyuta, aipige picha ya video na kumtumia. Wakaitazama pamoja polepole, yeye kule kwake na Somoe huku, mpaka mstari ukaonekana: diski haikupatikana. Waya wake ulikuwa umelegea. Somoe akaukaza, pampu zikanguruma, na vigelegele vya kina mama vikamfikia Ngwali simuni.

Ngwali hakuweza kutulia tena. Akawaendea wakubwa wa Kitovu, akaomba kuirudisha kumbukumbu ile. Wakamuuliza, “Na ufa je? Nani atailinda?”

“Nitaiandika upya,” akajibu, “iwe ndogo, ya kiasi ninachoweza kukilinda mwenyewe. Andikeni jina langu juu yake, niwe mlezi wake.”

Wakakubali. Alipomaliza, mtu wa kwanza kuijaribu alikuwa Somoe. Akabonyeza kitufe, na mistari ikashuka mmoja mmoja.

“Inarudi, kaka!” akacheka. “Inarudi kama mbuzi wanaojua kwao!”

“Si mingi, dada. Utaniwia radhi.”

“Inanitosha.”

Na tangu siku hiyo skrini nyeusi hukumbuka kurasa chache, zile ambazo mtu mmoja aweza kuzilinda. Na tangu siku hiyo, katika Kitovu, hakuna kipande kinachofutwa kabla ya kuulizwa kwanza: nani bado anakitumia, na yuko wapi?