Daktari wa Kapteni Pruett

Enzi za meli zilizosomba vibarua wa Kichina, sheria ya bandari ya Hong Kong ilisema meli haing'oi nanga bila daktari. Kapteni Pruett hakuwa naye, maana daktari hudai mshahara. Akamvika koti jeusi Lau Sing, kinyozi aliyeahidiwa kunyoa matajiri ng'ambo, kumbe anapelekwa kukata miwa.

"Mkaguzi akija, wewe daktari. Ukikataa, utasafiri na pingu."

"Sawa, bosi. Lakini nisifie kidogo, nina sura ya njaa."

Mkaguzi alipopanda, Kapteni akamwaga sifa. "Huyu bingwa! Hata mimi namtii."

Mkaguzi akalitazama koti, cheti hakuuliza. "Daktari, abiria wako fiti?"

Lau Sing akakohoa kisomi. "Wana homa ya kuambukiza, mheshimiwa. Washushwe wote sasa hivi, niwatibu nchi kavu."

"Mwongo!" Kapteni akapayuka. "Huyu ni kinyozi!"

Mkaguzi akashangaa. "Si sasa hivi ulisema bingwa?"

Lau Sing akatikisa kichwa kwa huruma. "Msamehe, mheshimiwa. Kwake homa imeshapanda kichwani. Huyu abaki melini, na mumfunge kamba."