Aliyezibua Maji

Mwanamke mmoja, Namsifu, alikuwa na shamba la mahindi chini ya milima ya Upare, nalo lilizungukwa na ua wa michongoma. Ua ule aliupanda marehemu mumewe ili kuzuia mbuzi na ngedere. Ulikuwa mlinzi mwema kwa miaka mingi. Sasa sikieni mlinzi alivyogeuka.

Mwaka mmoja michongoma haikutulia tena mpakani. Iliingia ndani. Namsifu akaifyeka kwa panga, na mahindi yaliyokuwa jirani yakafyekwa nayo. Baada ya wiki mbili ikachipua, minene kuliko mwanzo. Akafyeka tena, ikachipua tena. Miiba ikafika katikati ya shamba, na watoto wake watatu hawakuwa na chakula kingine ila hicho kilichobaki.

Majirani wakaja na huruma zao. Pole, mama, kubali tu, hilo shamba limekwisha, hama. Jamani, watu ni wepesi kukubali kwa niaba ya mwenzao! Namsifu alivua kandambili zake mbele yao, akaingia miibani peku, huku akilia kwa hasira. Nyayo zake zikamwonyesha jambo. Kilikuwa kiangazi, udongo wa shamba zima umepasuka, lakini chini ya michongoma palikuwa na tope.

Akalifuata tope lile mpaka kwenye mfereji. Hapo akamkuta Mbonea, kibarua wao wa siku zote, akizibua njia ya maji iendayo kwenye ua wa michongoma. Mbonea hakuwa mwizi wala mchawi. Marehemu alimwagiza azibue kila asubuhi wakati michongoma ilipokuwa michanga, na tangu hapo hakuna aliyemwambia aache. Namsifu akaushika mkono wake.

"Basi, Mbonea. Leo ndiyo basi."

Akaziba njia ile kwa udongo yeye mwenyewe, kisha akaukalia.

Panga bado lilihitajika. Nusu ya mahindi ilikuwa imeshapotea, wala sitawaficha hilo. Lakini safari hii kilichofyekwa hakikuchipua, na watoto walikula.

Ninyi mnaouguza wagonjwa wa saratani ya tezi za limfu, mfano huu nimewaletea ninyi. Michongoma ni chembe nyeupe, askari wa damu, waliowekwa watulinde. Maji ni amri ya kukua iliyoandikwa ndani yao, nayo hulala isipoamshwa. Mbonea ni vimeng'enya, vibarua wadogo wa mwili, wanaoifungua amri hiyo na kuifunga, na ambao wakati mwingine huendelea kufungua hata pasipohitajika. Wako watafiti wanaohangaika usiku na mchana kuushika mkono huo, na mimi nasimama nao.

Basi wewe uliyekuja hapa kumwambia mgonjwa wako akubali kushindwa: umekwisha kuvua viatu, ukagusa udongo?