Mayai ya Juu ya Jumbe Kitwana

Sogeeni niwape ya Bi Somoe, mjane mwenye kuku watatu, na Jumbe Kitwana, ambaye kila akipata wageni hupita akibeba mayai ya watu.

Siku moja alimkuta Bi Somoe na mayai ishirini, anataka kuchagua ya kumwekea kuku aatamie. Vifaranga ndiyo tegemeo lake.

"Nusu yangu, yaliyo mazuri!" jumbe akasema. "Na usinichagulie, nakujua wewe."

"Haya, chagua mwenyewe." Bi Somoe akayatia yote kwenye beseni la maji. Kumi yakazama, kumi yakaelea. "Ya juu au ya chini, Jumbe?"

"Mtu kama mimi nichukue ya chini? Hayo yako na kuku wako!"

"Usije ukanilaumu."

"Nimechagua kwa mkono wangu, nitakulaumuje?"

Jioni wageni walitoka mbio nyumbani kwa jumbe, wameziba pua. Naye akaja anafoka: "Somoe! Yameoza!"

"Ndiyo, Jumbe. Yai likikaa sana huelea. Hayo niliyaokota kichakani, nilikuwa nayatenga nikayafukie. Umenipunguzia kazi. Sasa sema polepole, kuku wangu ameatamia."