Glavu za Wageni

Wapendwa, wangapi hapa mna sahani za wageni? Zile za kabatini, ambazo mtoto akizigusa nyumba nzima inasikia? Msinyooshe mikono, nawajua. Basi sikieni habari za kiwanda kimoja kilichokuwa na glavu za wageni.

Kiwandani humo alikuwamo mama mmoja, mbanguaji wa korosho. Ganda la korosho lina mafuta makali. Yakikugusa, ngozi inaungua, inakuwa nyeusi, inabanduka. Mama huyu alijipaka majivu vidoleni na kubangua, siku kwa siku, miaka kumi na mmoja. Hakuna aliyemfikia. Korosho zake zilitoka nzima, nyeupe, bila hata mkwaruzo. Lakini siku alipokwenda kusajili laini ya simu, mashine ilivikataa vidole vyake vyote kumi. Alama zilikuwa zimeliwa na kazi. Yule kijana wa laini akamwambia, "Mama, wewe hausomeki." Mama akacheka naye, akaaga, na njiani akalia.

Asubuhi moja msimamizi akaingia na maboksi. "Akina mama, leo tuna mgeni. Wanunuzi wa ng'ambo wametuma mkaguzi aje aone kama tunafuata haki za wafanyakazi. Kila mtu avae glavu. Akiuliza, mseme ni za kila siku. Jioni nazitaka zote hapa kwenye boksi." Kisha akamgeukia yule mama: "Wewe kaa mbele. Aone fundi."

Hapo msimamizi, kwa ujanja wake, akajifunga mwenyewe. Mkono uliobangua mtupu miaka kumi na mmoja, ukiuvika glavu leo, unakuwa mkono wa mtu mwingine. Korosho ya kwanza ikamponyoka. Ya pili ikavunjika vipande. Ya tatu ikakimbilia chini ya meza. Mkaguzi, dada mmoja mpole asiye na maneno mengi, akasimama akimtazama.

"Shikamoo, mama. Una muda gani kwenye kazi hii?"

"Marahaba, mwanangu. Huu ni mwaka wa kumi na mmoja."

"Na glavu hizi?"

Msimamizi akakohoa. Ninyi mngejibu nini? Msikimbilie kusema mngesema kweli, kusema ni rahisi ukiwa umekaa kwenye benchi. Mama huyu alikuwa na watoto watatu, na mume ambaye mgongo ulimlaza kitandani mwaka wa pili huo. Neno moja lingemtoa getini. Tena palikuwa na zito kuliko hilo: wale wa ng'ambo wakichukia, wangenunua kwingine, kiwanda kingefungwa, na wanawake mia mbili wangekosa hata hayo majivu ya kujipaka.

Mama akavua glavu taratibu, akauweka mkono wake mezani, mweusi, uliobanduka.

"Hizi tumekutana nazo leo asubuhi, mwanangu. Hatujazoeana."

Wenzake wakacheka huku wakimtupia msimamizi jicho. Mama akaendelea, "Ila nakuomba, usiandike hapa pafungwe. Kazi tunaitaka. Andika tu kwamba glavu zisirudi kwenye boksi. Na siku nyingine ukija, usitutangulizie taarifa. Ingia tu."

Jamani, nampenda mama huyu! Wengine tukipata mtu wa kutusikiliza tunataka aitie nyumba moto. Yeye alitaka paa lizibwe, watu waendelee kulala ndani. Mkaguzi akaandika hivyo hivyo. Glavu zikabaki. Msimamizi alimnunia mwezi mzima, lakini kumfukuza hakuthubutu, maana hakujua mkaguzi atatokea siku gani.

Naona mnataka kumpigia makofi. Subirini, sijafika.

Siku ile ile ya ukaguzi, kwa heshima ya mgeni, waliruhusiwa mapema. Mama akafika kwake saa tisa, wakati ambao hakuwahi kufika. Nyumbani kwake alikuwapo dada wa kazi, aliyewaangalia watoto na kumuuguza yule mume. Akamkuta uani, ameinamia beseni, anafua mashuka ya mgonjwa kwa jiki, mikono mitupu, vidole vimechanika. Kando yake palikuwa na ugali wa mchana, umekauka, haujaguswa. Dada akashtuka, akasimama wima huku maji yakimchuruzika mikononi.

"Mama! Mbona hukusema kama unarudi?"

Mama akaganda pale pale mlangoni. Asubuhi alikuwa amesema, ingia tu. Sasa ameingia yeye. Aibu ikamshika, na hakuikimbia. Akavuta kigoda, akakaa, akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, mara ya mwisho ulikaa ukala umetulia ni lini?"

Dada akafikiri. "Ile Krismasi, mama. Walipokuja wageni."

Mama akalivuta beseni kwake, akamalizia mashuka yale kwa mikono yake iliyoungua, na dada akala. Tangu wiki ile Jumapili ikawa ya dada kupumzika, na kwenye kamba ya uani zikaanikwa glavu zake za kufulia kila siku, wageni wawepo au wasiwepo. Ujasiri wa asubuhi ulikuwa mkubwa, wapendwa. Mimi nausifu zaidi ule wa saa tisa.

Na sisi je? Tunapenda wakaguzi waende kwa matajiri, na waende kweli, tena kila wiki! Lakini nani amebaki kwako asubuhi hii, anapika chakula utakachokikuta mezani? Anakula wapi siku ambayo huna mgeni? Mikono yake ukiitazama, inasomeka?

Nilikuwa na mengine ya kusema, lakini yanatosha. Leo nawaruhusu saa nzima kabla ya wakati. Msipige simu kuwaambia mko njiani. Nendeni, mkaingie tu.