Mfarishi wa Magunia

Jongeeni, niwape ya Mwanamize, fundi wa mifarishi, yale mablanketi ya viraka.

Aliunga kanga za marehemu mama yake. Zimwi likaja, likasema, "Nasikia baridi," likaupora mfarishi. Akaunga mashati ya marehemu mumewe, likaupora tena. Mara ya tatu aliunga magunia kwa uzi wa nywele zake, nywele zisizokatika. Zimwi lilipojifunika, akalishonea humo humo.

"Nifungue, bibi."

"Ile miwili iko wapi?"

"Niliichanachana."

Mwanamize akavuta uzi, zimwi likanywea. Akavuta, likanywea. Akavuta hadi likawa dogo kama mto.

Mpaka leo hulikalia akishona, nalo huguna. Hajalisamehe.

Yangu yameishia hapo, wa kulala akalale.