Kata ya Mwisho kwa Mama Ndeshi

Jumamosi moja mchana, kilabu cha Mama Ndeshi pale Moshi mjini kilifurika wateja hadi mbege, pombe ya ndizi, ikaisha mtungini. Kata ya mwisho, iliyojaa mpaka ukingoni, aliishika Aikaeli, fundi cherehani mwembamba aliyekuwa kwenye foleni tangu saa tano.

Hapo akaingia Bwana Kisanga, mwenye jengo lile, akamwendea Aikaeli.

"We dada, lete hiyo kata. Siwezi kukosa mbege ndani ya jengo langu mwenyewe."

"Karibu, bosi," alisema Aikaeli. "Ila desturi unaijua: anayempa mwenzake pombe huonja kwanza, kumhakikishia haina sumu."

"Tena onja vizuri! Mimi nina maadui wengi mji huu."

Aikaeli akapiga funda moja dogo.

"Hapa juu ni salama. Lakini bosi, sumu ikitiwa kwenye pombe hukaa wapi?"

"Chini, mjinga wee! Sumu huzama!"

"Nilidhani hivyo," alisema Aikaeli. Akainua kata, akanywa taratibu bila kupumzika, kisha akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Hata chini ni salama, bosi. Kunywa bila wasiwasi."